Kasha la giaboksi limepasuka mikononi mwako: mwongozo kamili kwa anayetengeneza gari nyumbani

Ukisikia mlio mkavu wa "tak" wakati unakaza bolti ya giaboksi, au kipande cha alumini kikidondoka sakafuni ulipokuwa unabandua kitu kwa tairi liva (chuma bapa cha kubandulia), simama hapo hapo. Usiongeze hata robo mzunguko ili kuona kama bolti bado inashika. Usiteremshe jeki, wala usiwashe gari. Kasha lililopata ufa mara nyingi huokoleka. Haraka inayofuata ndiyo hulimaliza: mtu anakaza zaidi kuficha ufa, anapaka silikoni juu ya oili, anarudisha gari barabarani, na ufa wa sentimita mbili unatembea mpaka kwenye beringi.

Nimeandika nikiwa na gari moja akilini: Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye gia za mkono na giaboksi ya familia ya C50. Magari haya yamejaa mitaani kwetu, spea zake zinapatikana, na ndiyo ambayo watu wengi huthubutu kuyafungua nyumbani. Enjini yake imelala kwa upana, giaboksi iko ubavuni mwake, na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) imo ndani ya kasha hilo hilo. Kwa Hilux au Hiace yenye giaboksi iliyolala kwa urefu, kanuni ni zile zile isipokuwa mahali pachache nitakapopataja.

Jambo moja lishike kabla hatujaendelea. Ukubwa wa ufa hauamui dawa. Kinachoamua ni mahali ulipo na kazi inayofanywa na sehemu hiyo ya kasha. Ufa mrefu kwenye ukuta unaozuia oili tu unaweza kuzibwa ukadumu miaka, ilhali ufa mfupi kama ukucha kwenye kiti cha beringi, yaani pale beringi inapokaa, unatosha kulistaafisha kasha zima.

Kwa nini alumini inapasuka kirahisi

Makasha mengi ya magari madogo hutengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni, ikasukumwa ndani ya kalibu ikiwa ya moto. Matokeo yake ni kasha jepesi linalotoa joto vizuri. Lakini mchanganyiko huo haupindi kama bati. Ukizidiwa nguvu hautoi onyo, unakatika.

Sasa fikiria mkono wako. Plagi ya kumwagia oili kwenye Corolla hizi inahitaji takriban nyutoni mita 39 (nyutoni mita ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa spana yenye urefu wa sentimita 30, hiyo ni nguvu ya kilo 13 tu mwishoni mwa mkono wa spana. Mtu wa kilo 70 akiegemea spana hiyo kwa uzito wake wote anatoa zaidi ya nyutoni mita 200, yaani mara tano ya kinachotakiwa. Ukichomeka bomba kwenye spana ili kuirefusha, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana nasisitiza spana ya kupimia nguvu hata kwa mtu mwenye mkono mzoefu.

Sababu ninayoiona imeenea kuliko zote ni kutumia bolti kuivuta giaboksi iingie kwenye enjini. Kati ya giaboksi na enjini kuna pini mbili za kuongozea, na shafti ya giaboksi lazima ipite katikati ya sahani ya klachi. Ikiwa sahani haikuwekwa katikati, giaboksi inagoma na kubaki na mwanya wa sentimita moja au zaidi. Fundi aliyechoka kushikilia mzigo wa zaidi ya kilo 30 anaingiza bolti mbili na kuanza kukaza. Bolti inashinda, sikio la kasha (sehemu inayotokeza yenye tundu la bolti) linavunjika. Mara nyingine sahani ya klachi nayo inapinda, na hilo hutaligundua mpaka gari likianza kutetemeka.

Zipo njia nyingine. Bolti ndefu kuliko ile ya asili huingizwa kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, ikafika mwisho na kupasua kuta. Tundu la namna hiyo likiwa limejaa oili au maji, bolti fupi nayo inaleta maafa yale yale, kwa sababu kimiminika hakibanwi na hakina pa kutokea. Jeki inawekwa moja kwa moja chini ya kasha bila ubao. Bisibisi nene inachomekwa kati ya enjini na giaboksi huku bolti moja iliyojificha nyuma ya staata bado imefungwa. Draivushafti (shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu) inang'olewa kwa nguvu, tairi liva ikiegemezwa kwenye ukingo wa kiti cha sili (pete ya mpira inayozuia oili).

Simamisha, linda, okota

Kama gari liko juu, hakikisha limekaa kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Weka kabari kwenye magurudumu yaliyo chini, kisha chomoa waya hasi wa betri. Kama giaboksi inaning'inia nusu nje, iwekee jeki ya pili chini yake na ubao mpana katikati, ili uzito usiendelee kuvuta sehemu iliyoumia. Halafu legeza bolti zilizo karibu na ufa kidogo kidogo, ukibadilishana pande.

Okota kila kipande kilichovunjika, hata punje. Usivipige msasa wala kuvisugua kwenye uso uliokatika. Nyuso hizo zinapokaa pamoja kama zilivyoachana ndizo zitakazomwonyesha mchomeleaji mahali halisi pa sikio au tundu la bolti. Vifunge kwenye kitambaa safi. Kama kuna kipande hukioni, chukulia kwamba kimeingia ndani ya giaboksi mpaka uthibitishe vinginevyo.

Piga picha za pembe zote kabla hujagusa zaidi, na rula ikionekana kwenye picha. Utamwonyesha fundi hali ilivyokuwa bila kutegemea kumbukumbu.

Kisha mwaga oili, lakini fungua kwanza plagi ya kujazia, ile ya ubavuni, ndipo ufungue ya chini. Plagi ya juu ikigoma kufunguka baada ya oili kumwagika, utabaki na giaboksi kavu isiyojazika. Pokea oili kwenye beseni safi na uitazame juani. Vumbi la kijivu lililoganda kwenye sumaku ya plagi ni la kawaida. Chembe za alumini zinazong'aa ni habari nyingine, na sumaku haiwezi kuzikamata. Zitafute kwa kuchuja oili kupitia kitambaa cheupe.

Tafuta mwisho wa ufa kwa mafuta ya taa na chaki

Macho hayatoshi. Ufa unaouona una sentimita tatu, lakini mara nyingi unaendelea chini ya uchafu. Karakana kubwa hutumia rangi maalumu ya kupenya. Nyumbani, mafuta ya taa na chaki vinafanya kazi hiyo vizuri:

1. Safisha eneo kwa brashi na mafuta ya kuondoa grisi, enda sentimita kumi zaidi ya unapouona ufa. Maliza kwa sprei ya kusafishia breki au asetoni, acha pakauke kabisa.
2. Paka mafuta ya taa kwa brashi ndogo juu ya eneo lote. Subiri dakika 15 hadi 20 ili yapenye ufani.
3. Futa juu kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki unyevu.
4. Saga chaki nyeupe ya ubaoni iwe unga laini, nyunyiza au paka kwa kitambaa utando mwembamba.
5. Subiri. Mafuta yaliyojificha ufani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Gonga kasha taratibu kwa nyundo ya mpira kama mstari unachelewa.

Weka alama ya kalamu mwisho wa mstari, pande zote mbili. Fanya kazi hii mbali na moto, sigara na jiko. Mvuke wa mafuta haya unashika moto.

Kabla ya kuamua lolote kuhusu grinda au kuchomelea, hakikisha pia kasha lako ni la chuma gani. Sumaku ikishika, ni chuma cha kusubu, kama kwenye malori mengi ya zamani. Isiposhika, kwangua sehemu ndogo mpaka ing'ae, dondoshea tone la siki. Alumini haitajibu kwa haraka, lakini magnesi (metali nyepesi inayofanana nayo) itatoa mapovu papo hapo. Magari kadhaa ya Ulaya, kuanzia Volkswagen Kobe ya zamani, yana makasha ya magnesi. Vumbi la magnesi huwaka kwa moto mkali mweupe, na maji huuzidisha moto huo. Ukiona mapovu, usitumie grinda nyumbani. Peleka kwa mtu anayelijua.

Ufa uko wapi? Hapa ndipo uamuzi ulipo

Anza na masikio ya mdomo mpana unaokumbatia klachi. Sehemu hii ni kavu, haina oili, hivyo watu huidharau. Lakini masikio hayo ndiyo yanayoifanya enjini na giaboksi ziwe mwili mmoja. Likivunjika sikio moja la juu, mbali na staata na mbali na mauntingi (vishikizo vinavyobeba enjini na giaboksi), na pini zote mbili za kuongozea zikiwa nzima, naona gari linaweza kusogea polepole mpaka karakana iliyo jirani. Yakiwa mawili, au likiwa ni lile linaloshika staata, au lile la chini, gari libebwe juu ya gari la kubebea. Tiba ya sikio ni kuchomelewa. Gundi ya aina yoyote haifai hapa, hata kama pakiti yake imeandikwa chuma.

Sehemu inayobeba mauntingi ni kali zaidi. Hapo enjini nzima inaning'inia, na kila ukiachia klachi panapata mshtuko. Kasha lililopasuka hapo halisogezwi hata kutoka uwanjani. Kuchomelea kunawezekana ikiwa mchomeleaji ni mzuri na nyama ya alumini ni nene, lakini mimi ningependelea kubadilisha.

Ukuta wa chini na wa pembeni unaozuia oili, mbali na bolti na mbali na beringi, ndio mahali pa matumaini. Jeki ikitoboa hapo au jiwe likigonga, epoksi ya chuma iliyowekwa kwa uangalifu inatosha, na kuchomelea kunatosha zaidi.

Tundu la plagi ya kumwagia lina tabia yake. Ufa hapo huanzia kwenye meno na kukimbia nje. Ukiziba nje halafu ukakaza plagi ile ile kwa nguvu ile ile, unaufungua upya. Hili ni baya zaidi kwenye giaboksi zenye plagi ya umbo la pia, nyembamba mbele na nene nyuma, kwa kuwa kila ukikaza inapanua tundu kama kabari. Panahitaji kuchomelewa na kukatwa meno mapya.

Uso wa kukutania uliochunwa na bisibisi huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Kwenye uso mkavu unaokutana na enjini, shimo la kuchimbika halina madhara makubwa. Kinachodhuru ni ile nundu iliyoinuka pembeni mwa shimo, maana inazuia nyuso zisikutane sawasawa, na giaboksi inakaa upande. Laza tupa bapa juu ya uso, sugua kidogo kidogo bila kuiinamisha mpaka nundu iishe, kisha acha. Kwenye uso unaozuia oili, jaza shimo kwa epoksi, liache likauke, lisawazishe kwa tupa, ndipo upake gasketi ya maji (gundi ya mrija inayotumika badala ya gasketi).

Kiti cha sili ya draivushafti kikikwaruzwa, piga msasa laini wa namba 400 au zaidi kwa kufuata mzunguko, safisha, weka sili mpya yenye utando mwembamba wa gasketi ya maji kwenye ukingo wake wa nje tu. Kikiwa kimemeguka kwa ndani kabisa, hesabu kama kasha limekwisha.

Na viti vya beringi, pamoja na ukuta unaovishikilia: hapo usizibe wala usichomelee. Beringi inadai kukaa kwenye duara timilifu, na joto la kuchomelea hulipotosha duara hilo hata kama macho hayaoni. Gia zitaanza kuvuma, kisha zitakula meno. Badilisha kasha.

Meno ya bolti yakiliwa

Hili hutokea mara nyingi kuliko ufa wenyewe, na tiba yake ni nzuri kiasi kwamba tundu lililotengenezwa vizuri huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani. Nunua seti ya helikoili (waya uliosokotwa kama springi unaokuwa meno mapya ndani ya tundu) ya kipimo cha bolti yako. Pima kipenyo na pia nafasi kati ya jino na jino. Kwenye Toyota bolti ya milimita 10 mara nyingi ina nafasi ya 1.25, wakati seti nyingi madukani ni za 1.5. Ukichanganya, umeharibu tundu mara ya pili.

Tumia keekee iliyokuja na seti. Weka mkanda wa gundi kwenye keekee kuonyesha kina, paka grisi ili chembe zinate, na shikilia drili ikiwa wima kabisa. Tundu la helikoili likiinama, bolti itainama nayo na kuvunja sikio siku ya kukaza. Kata meno mapya kwa tapu (kifaa cha kukatia meno ndani ya tundu) ukienda nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na mafuta ya taa kidogo kama kilainishi. Safisha kwa hewa, vaa miwani. Ingiza helikoili mpaka iwe chini ya uso kwa karibu nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja, kisha vunja ulimi wake na uutoe ndani ya tundu.

Kwa alumini, bolti inapaswa kushika kina cha mara moja na nusu mpaka mara mbili ya unene wake. Bolti ya milimita 10 ishike angalau milimita 15. Kabla ya kurudisha bolti yoyote kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, likaushe kwa hewa au kitambaa kilichosokotwa. Pima kina kwa waya, linganisha na urefu wa bolti.

Kwa tundu la plagi ya oili helikoili ya kawaida siyo chaguo langu, kwa sababu oili hufuata mzunguko wa waya na kuvuja. Mkereza vyuma akuchongee bushi (bomba fupi) yenye meno nje na ndani, ikae na gundi ya kufungia meno, au atanue tundu kwa plagi kubwa kidogo kama nyama ya pembeni inaruhusu. Na washa (pete bapa) ya plagi nunua mpya. Ile iliyokwisha bonyea ndiyo humfanya mtu akaze kupita kiasi akijaribu kuzuia tone.

Kuziba kwa epoksi

Kazi hii inafaulu au kufeli kwenye usafi. Alumini ya kusubu ina vinyweleo vilivyokunywa oili kwa miaka. Acha giaboksi ichuruzike usiku kucha. Safisha, kisha lipashe eneo kwa jua kali au mashine ya kukaushia nywele. Utaona oili ikitoka jasho. Safisha tena, pasha tena, mpaka kitambaa cheupe kirudi cheupe. Maliza na asetoni, siyo petroli, kwa kuwa petroli huacha utando.

Mwisho wa ufa, pale ulipotia alama, toboa tundu dogo la milimita 3 kila upande. Tundu la duara linasambaza mvutano uliokuwa umejikusanya kwenye ncha, na ufa unakoma kutembea. Chimba mstari wa ufa uwe na umbo la V mpaka karibu nusu ya unene wa ukuta. Kwangua eneo la sentimita mbili kila upande kwa msasa mkali, namba 80, likawe na mikwaruzo ya kushika. Safisha mara ya mwisho na usiguse kwa vidole.

Epoksi ya chuma ya mirija miwili changanya kwa kiasi sawa, kama pakiti inavyosema, mpaka rangi iwe moja. Vaa glavu. Sukuma epoksi ndani ya V kwa nguvu ili hewa itoke, jaza mpaka juu, kisha weka kiraka cha bati la alumini la milimita 2 lililokwanguliwa nalo, likandamize kwenye epoksi iliyotandazwa. Acha saa 24 nzima. Dar es Salaam au Mombasa joto litasaidia. Njombe au Limuru wakati wa baridi weka taa ya joto karibu au subiri siku mbili.

Silikoni peke yake juu ya ufa siyo matengenezo. Oili ya giaboksi yenye joto huibandua, na kipande kilichobanduka ndani kinaweza kuziba njia ya oili.

Kuchomelea

Hii siyo kazi ya nyumbani, lakini inakubidi ujue unachoomba. Nenda mahali penye mashine ya kuchomelea ya tigi (TIG) inayotumia mkondo wa AC na gesi ya argoni, na uliza kama wanachomelea makasha ya alumini ya kusubu, siyo mageti na madirisha ya alumini. Gerezani jijini Dar es Salaam, Kariobangi Nairobi na Katwe Kampala wapo mafundi wengi wa vyuma unaoweza kuanza kuwauliza. Uliza waya gani watatumia: wenye silikoni, kama 4043 au 4047, ndio unaolingana na makasha mengi. Fundi akikuambia wowote unafaa, tafuta mwingine.

Mpelekee kasha likiwa tupu. Beringi, sili, gia na sensa zote ziwe nje, kwa sababu joto litaziua. Kama hujawahi kufungua giaboksi, hapa ndipo pa kumlipa fundi wa giaboksi afungue na kufunga. Kasha lipashwe moto kidogo, kama nyuzi 100 hadi 150 za Selsiasi, kabla ya kuanza, na lipoe polepole limefunikwa, bila upepo wala maji. Sikio lililovunjika lifungwe kwa bolti kwenye kipande chenye matundu sahihi, au kwenye enjini ya zamani isiyotumika, ili lisihame. Kamwe wasichomelee kasha likiwa limefungwa kwenye gari, na mtu akilazimisha, kompyuta ya gari inaweza kuungua pamoja na beringi.

Likirudi, laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa kukutania na ujaribu kupitisha chini yake fila geji (ukanda mwembamba wa chuma wa kupimia mwanya) ya milimita 0.05 hadi 0.1. Inapopita kwa urahisi, uso umepinda na unahitaji kusawazishwa kwenye mashine. Rudia pia kipimo cha chaki juu ya weldi.

Kubadilisha kasha, au giaboksi nzima

Watu hununua kasha tupu la mtumba wakidhani wameokoa fedha. Kwenye giaboksi zenye difu ndani kama hii, beringi za difu hubanwa kwa shimu (pete nyembamba za chuma) zenye unene uliochaguliwa kwa kasha lile lile la kiwandani. Ukibadilisha nusu ya kasha, kipimo hicho hakina maana tena na lazima kipimwe upya kwa vifaa vyake. Bila hilo, beringi zitalegea au kuungua. Kwa hiyo kama nusu ya kasha imekufa, mara nyingi giaboksi nzima iliyotumika kutoka Japani ndiyo njia ya busara zaidi. Linganisha namba ya giaboksi kwenye kibati cha gari, idadi ya meno kwenye shafti, matundu ya mauntingi, mahali pa staata na sensa ya spidi. Zungusha shafti kwa mkono katika kila gia kabla ya kulipa.

Kwenye Hilux nyingi hali ni nafuu. Ule mdomo mpana wa klachi ni kipande kinachofunguliwa peke yake, hivyo sikio likivunjika unaweza kubadilisha kipande hicho bila kugusa gia.

Giaboksi za otomatiki zinataka heshima ya ziada. Chembe ya alumini iliyoingia ndani inaweza kukwamisha vali, na bolti za sinia la chini hukazwa kwa nguvu ndogo sana, mara nyingi chini ya nyutoni mita 10. Gari hilo pia lisiburutwe magurudumu yanayoendesha yakiwa chini.

Kurudisha na kujaribu

Weka sahani ya klachi katikati kwa kifaa chake. Kisha chukua bolti mbili ndefu za kipimo kile kile, kata vichwa, chonga mfereji wa bisibisi kwenye ncha, uzifunge kwenye enjini kama reli za muda. Giaboksi itateleza juu yake, nawe hutabeba uzito wote kwa mikono. Ingiza gia moja, zungusha upande wa kutokea ili meno ya shafti yapate njia. Giaboksi lazima ifike mpaka nyuso zigusane kwa kusukuma kwa mkono. Ikibaki na mwanya, rudisha nyuma, tazama, anza tena. Bolti zinaingia baada ya nyuso kukutana.

Kaza kwa vidole kwanza, kisha kwa mkato wa msalaba, kwa awamu mbili au tatu. Kwenye Corolla hizi bolti kubwa za milimita 12 huenda nyutoni mita 64, za milimita 10 huenda 46. Gari lako likiwa tofauti, fuata kitabu chake. Angalia pia tundu la kupumulia juu ya kasha. Likiziba kwa udongo, shinikizo la ndani litasukuma oili kupitia sili na kupitia kiraka chako.

Jaza oili ya giaboksi ya 75W-90 daraja la GL-4 (yote mawili huandikwa kwenye kopo), karibu lita 1.9, gari likiwa limenyooka, mpaka oili ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia. GL-5 isiyoandikwa kwamba inafaa pia GL-4 iache, maana inaweza kudhuru singronaiza za shaba zilizo ndani, yaani pete zinazolainisha uingiaji wa gia.

Tandika katoni safi chini, subiri saa moja. Kisha nyunyiza tena unga wa chaki kuzunguka sehemu uliyotengeneza na uendeshe kilomita tano mpaka kumi ndani ya mtaa, ukipitia gia zote. Ukirudi, kagua chaki kwa tochi: doa lolote jeusi linakuonyesha sehemu hasa inayovuja, bila kubahatisha. Kagua tena baada ya siku moja na baada ya wiki. Kama ulitoboa, ulikata meno au kipande kiliwahi kupotea, mwaga oili baada ya kilomita 500, ichuje kwenye kitambaa cheupe, na uweke mpya. Oili chafu iweke kwenye dumu uwape wanaokusanya, isimwagwe kwenye mtaro.